Chai ya mchaichai ni nzuri, lakini homa ya mtoto ipimwe

Nyumba nyingi za Pwani hazikosi kichaka cha mchaichai uani, mara nyingi karibu na mahali pa kuoshea vyombo, ambapo ardhi haikauki. Asubuhi mtoto anatumwa akachume majani mawili matatu, anarudi na mkwaruzo kidoleni maana kingo zake ni kali, na muda si mrefu jiko zima linanukia.

Harufu hiyo ya limau hutokana na mafuta yaitwayo sitrali, ambayo hupotea na mvuke. Kwa hiyo usichemshe majani nusu saa sufuria ikiwa wazi. Chemsha maji, epua, tia majani uliyoyafunga fundo, kisha funika kwa dakika tano hadi kumi. Bila majani ya chai, kinywaji hiki hakina kafeini, hivyo unaweza kukinywa hata usiku. Kinachokiharibu ni sukari tunayoimimina.

Shina nalo tunalitupa bure. Liponde kidogo kwa mchi ile sehemu nyeupe ya chini, litie kwenye mchuzi wa samaki wa nazi, ulitoe kabla ya kupakua kwa sababu nyuzi zake hazitafuniki. Thailand supu yao maarufu ya kamba haipikwi bila shina hilo.

Kwa upande wa tiba, wazee wameutumia mchaichai kwa gesi tumboni, mafua na homa. Kinywaji cha moto hulegeza kamasi, na mwenye homa anahitaji maji mengi. Hadi hapo bibi zetu walikuwa sahihi. Kuhusu kuleta usingizi, watafiti wa Brazil waliochapisha matokeo yao mwaka 1986 waliwapa watu chai hiyo. Hawakuona madhara, lakini hawakuona pia kwamba inalaza usingizi.

Ninachokihofia ni homa ya mtoto. Mama anampa chai ya mchaichai, jasho linamtoka, mwili unapoa, nyumba nzima inalala ikiamini amepona. Homa ya malaria ina tabia ya kushuka na kupanda tena, hata bila kikombe cha chochote. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, malaria inaweza kuwa kali ndani ya saa 24. Kipimo cha haraka kinahitaji tone moja tu la damu ya kidoleni, na majibu hutoka kwa takriban dakika 20. Chai mpe akitaka, lakini safari ya zahanati isisubiri kikombe kiishe.

Na tafadhali, usimfunike mtoto shuka na sufuria inayochemka ili ajifukize. Akipiga teke moja tu, maji yote yanammwagikia.

Mjamzito asinywe chai iliyokolea sana kila siku kabla ya kuzungumza na mhudumu wa kliniki. Mafuta ya mchaichai yanayouzwa kwenye vichupa hayanywewi na mtu yeyote. Hupakwa, tena yakiwa yamechanganywa na mafuta mengine, kama ya nazi.