Dirisha Lisiloitwa

Mwaka 1995, mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, nchini Ufini, ulipokwisha kuingiliwa na wezi walionasa maneno ya siri yakipita waziwazi katika nyaya, mtafiti Tatu Ylönen (naye ni mwanamume, ingawa jina hilo kwetu huitwa wanawake) aliunda programu ya SSH, ambayo kwayo mtu aliyeketi mbele ya kompyuta moja huweza kuiamrisha nyingine iliyo mbali kwa maandishi matupu, pasi na mdukizi yeyote kuambulia maana ya yasemwayo. Kazi hiyo, ambayo leo aghalabu hufanywa na OpenSSH iliyotoka mwaka 1999, haihitaji picha wala madirisha, herufi zatosha.

Kwa hiyo hustaajabu mtumiaji aliyeingia kwa SSH katika seva ya Linux ya ukoo wa Red Hat, hali ameruhusu madirisha ya huko yaonekane kwake, pale anapoandika git push (amri ya git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, ya kupeleka kazi kwenye hifadhi ya mbali) kwenda kwenye anwani ya https na, badala ya kuulizwa neno la siri papo hapo kwenye terminali, akazukiwa na kidirisha kilichojikokota kutoka seva hadi kwenye kioo chake. Asiporuhusu madirisha hayo, hupokewa na malalamiko kwamba kioo hakikupatikana.

Asili ya adha hii ni kigezo cha mazingira kiitwacho SSH_ASKPASS, ambacho hutaja programu ya kuulizia siri kwa dirisha, nacho huwekwa na faili iliyomo ndani ya /etc/profile.d bila ya mtumiaji kutakwa shauri. Kusudi lake ni jema: programu iliyoanzishwa kwa kubofya, isiyo na terminali, nayo ipate pa kuulizia. SSH yenyewe ina adabu, kwani ikiiona terminali huulizia humo. Ila git, iliyoasisiwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hutazama kwanza GIT_ASKPASS, kisha core.askPass, kisha SSH_ASKPASS, na terminali huiweka nyuma ya zote. Kwa rai yangu, mpango huo unamfaa mtu wa madirisha na kumdhulumu mtu wa maandishi.

Dawa yake ni amri moja, unset SSH_ASKPASS, ambayo ikiandikwa katika faili ya .bashrc ya akaunti yako kwenye seva, hudumu. Tangu OpenSSH 8.4 ya mwaka 2020 kipo pia kigezo SSH_ASKPASS_REQUIRE, ambacho kikipewa thamani ya never huizuia SSH isifungue dirisha kabisa. Lakini hicho git haikijali.

Wapo ambao, kwa kuchoshwa na kuulizwa, huondoa kabisa neno la siri linalolinda ufunguo wao wa SSH, yaani faili inayowatambulisha kwenye seva. Msomaji, usifanye hivyo: ondoa dirisha, neno la siri liache mahali pake.