Fahamu: Kwa nini folda usizozihifadhi huchelewesha nakala rudufu

Tatizo ni nini?
Umeiagiza programu ya nakala rudufu iruke folda fulani, lakini kazi bado inachukua saa nyingi. Mara nyingi chanzo ni hiki: programu hainakili folda hiyo, ila huingia ndani na kupekua faili moja moja kabla ya kuiacha.

Kwa nini inachelewesha?
Kila faili husomwa jina, na mara nyingi ukubwa na tarehe pia. Folda ya node_modules, inayohifadhi maktaba za miradi ya JavaScript, inaweza kubeba maelfu ya faili ndogo. Kwenye diski ya kuzunguka au hifadhi ya mtandao, upekuzi huo hula muda mwingi.

Suluhisho ni lipi?
Katika kanuni za Borg, programu ya nakala rudufu, alama ya "-" huiacha folda lakini upekuzi wa ndani huendelea, ilhali alama ya "!" huzuia isiingiwe kabisa. Ukitafuta faili kwa amri ya find kwenye Linux, tumia -prune ili folda isiingiwe. Kigezo cha -not -path huficha matokeo tu, upekuzi huendelea.

La kuzingatia
Folda isiyoingiwa haihifadhiwi hata kidogo. Hakikisha haina faili muhimu, kisha jaribu kurejesha data kabla ya kuiamini nakala yako.