Deni la Nyumba Tupu

Mita ya LUKU, ambayo jina lake ni kifupisho cha Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, ilifungwa katika nyumba za Tanzania ili mteja asidaiwe umeme, kwa kuwa anayelipa kabla ya kutumia hana namna ya kulimbikiza ankara. Hata hivyo, miongoni mwa magomvi yanayojirudia baina ya wapangaji na wenye nyumba ni lile la nyumba iliyokaa miezi kadhaa bila mtu, swichi kuu ikiwa imezimwa, kisha mpangaji mpya anaponunua umeme kwa mara ya kwanza akapata uniti chache mno kuliko fedha aliyotoa. Mpangaji huamini kwamba aliyehama amemwachia deni, naye mwenye nyumba huapa kwamba hapakuwashwa hata balbu moja, na mara nyingi mwenye nyumba huwa anasema kweli.

Kinachodaiwa hapo, kwa kawaida, si umeme bali kodi ya majengo, yaani kodi ambayo mmiliki hulipa serikalini kwa sababu ya kuwa na jengo. Tangu tarehe 20 Agosti 2021 kodi hiyo hukusanywa kupitia mita za umeme, na kiwango chake cha mwanzo kilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na shilingi 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini, kabla ya kupandishwa mwaka 2023 hadi shilingi 1,500 na 7,500. Makato hufanyika pale umeme unaponunuliwa. Mwezi usionunuliwa umeme haukatwi kitu, lakini haufutwi, bali husubiri pamoja na miezi mingine hadi atokee mtu wa kununua. Nyumba tupu, kwa maneno mengine, haili umeme lakini inakula kodi.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti iliyowekwa mwaka 2016 kwa watumiaji wa kawaida, na kwa kuongeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya asilimia 3 ya wakala wa nishati vijijini (REA) na asilimia 1 ya mdhibiti wa nishati na maji (EWURA), uniti moja humfikia mnunuzi kwa takriban shilingi 356. Mpangaji anayetoa shilingi 20,000 hutarajia uniti zipatazo 56. Ikiwa nyumba inadaiwa miezi minane, shilingi 12,000 huondoka kwanza, na zinazobaki humpatia uniti 22 tu, ambazo katika nyumba yenye friji na pasi haziendi mbali. Ujumbe wa simu unaoleta tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita huonyesha makato hayo katika mstari wake wenyewe, lakini watu wengi hunakili tarakimu tu na kuacha mistari mingine bila kuisoma.

Lugha nayo imechangia kuukoroga mjadala, kwa sababu Kiswahili hutumia neno kodi kwa fedha anayolipa mpangaji kwa mwenye nyumba na pia kwa fedha anayolipa mwananchi kwa serikali. Hivyo mpangaji anapoambiwa kwamba amekatwa "kodi ya nyumba" hushangaa, maana ya kwake alishailipa kwa miezi sita mbele. Ukweli ni kwamba mzigo ni wa mmiliki, lakini mita haimjui mmiliki. Inajua namba yake tu, na humkata yeyote atakayenunua kwa namba hiyo.

Mfano wa namna hii ulikuwapo hata kabla ya kodi ya majengo kuingia kwenye mita, kwa kuwa hadi Aprili 2016, ilipofutwa na EWURA, wateja wa kundi la T1, yaani watumiaji wa kawaida, walitozwa shilingi 5,520 kila mwezi kama gharama ya huduma, watumie umeme wasitumie. Uingereza mfumo huo bado upo: mita za kulipia kabla huhesabu tozo ya kila siku hata katika nyumba iliyofungwa, na mpangaji anayeingia akiongeza fedha huikuta imemezwa na tozo za siku ambazo hakuwapo. Huko sheria humhesabu mmiliki kuwa mteja wa kampuni ya umeme katika kipindi ambacho nyumba haina mpangaji, kwa hiyo suala la nani alipe lina jibu lililoandikwa, ingawa kulithibitisha mbele ya kampuni ni kazi nyingine.

Si kila uniti inayopotea katika nyumba tupu imechukuliwa na kodi, hata hivyo. Pale ambapo nyumba kubwa na vyumba vya uani hutumia mita moja, au pampu ya kisima na taa ya getini zimeungwa upande wa nyumba iliyohamwa, salio lililoachwa huisha polepole bila mtu kuonekana. Kipimo chake ni chepesi: swichi kuu izimwe, kisha itazamwe taa ndogo nyekundu usoni mwa mita, ambayo hupepesa kadiri umeme unavyopita; ikiendelea kupepesa, kuna waya uliounganishwa kabla ya swichi hiyo, na hapo anahitajika fundi, si dalali.

Nyumba zilizokuwa tupu mwaka 2024 zina kasoro ya pekee. Kila tokeni, yaani zile tarakimu 20 za kuingiza kwenye mita, hubeba alama ya muda inayohesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi ya hesabu hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024, kwa hiyo mita ambayo haikuwa imeingiziwa tarakimu za maboresho kabla ya siku hiyo hukataa tokeni mpya hadi iingiziwe. Mpangaji anayekutana na mita ya namna hiyo hudhani imefungwa kwa sababu ya deni, ilhali kukataa huko hakutokani na deni lolote.

Malalamiko ya mita na uniti huanzia kwa shirika la umeme, TANESCO, na yasipotatuliwa hufikishwa EWURA. Yanayohusu kodi ya majengo, kama vile nyumba moja yenye mita mbili ambazo zote zinakatwa, hupelekwa kwa mamlaka inayosimamia kodi hiyo. Miezi ambayo nyumba haikuwa na mtu ni ya mwenye nyumba, na fedha zilizokatwa kwa ajili yake inafaa zirudishwe au zipunguzwe katika pango. Ushahidi wa mpangaji ni ujumbe wa ununuzi wake wa kwanza, kwa hiyo usifutwe kwenye simu.