Gitaa la Mawimbi katika Nchi ya Litungu
Sehemu ya Pili: Pedali na Utaratibu Wake

Katika sehemu ya kwanza tulisimulia asili ya muziki wa mawimbi, ule ambao Wamarekani huuita surf, muziki wa magitaa yasiyofuatana na mwimbaji, uliozuka pwani ya California mwanzoni mwa miaka ya 1960 miongoni mwa vijana ambao mchana walishinda baharini wakiteleza kwa mbao juu ya mawimbi, na usiku wakakusanyika katika kumbi za dansi. Leo tunaingia katika jambo ambalo wapigaji vijana wa Tarime na Mugumu aghalabu hulitanguliza mbele ya mengine yote, nami ningependa walirudishe nyuma kidogo. Nalo ni jambo la pedali, yaani vile visanduku vikanyagwavyo kwa mguu ambavyo huigeuza sauti ya gitaa kabla haijaifikia amplifaya.

Hujja yangu ya kulirudisha nyuma ni hii. Dick Dale, aliyezaliwa Boston mwaka 1937 kwa jina la Richard Monsour, na ambaye asili ya baba yake ilikuwa Lebanoni, alitoa mwaka 1961 sahani iitwayo “Let’s Go Trippin’”, ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza katika muziki huu. Na katika sahani hiyo mwangwi wa springi, ambao leo kila mtu hudhani ndio roho ya muziki wa mawimbi, haumo kabisa. Umo mkono tu, mkono wenye kasi na nguvu, na nyuzi nene kuliko zile walizotumia wenzake. Mwangwi ulikuja baadaye, na kwa maelezo ya Dale mwenyewe haja yake ya kwanza ilikuwa kuipamba sauti yake ya kuimba, wala si gitaa. Basi ikiwa bwana mkubwa wa fani aliweza kuisimamisha bila ya kisanduku chochote, kijana anayeuza mbuzi ili anunue pedali sita kwa mpigo hana budi kuulizwa kwanza mkono wake umefika wapi.

Na kwa habari ya mkono, watu wa Mara hawaanzi na kapu tupu. Wakurya wanayo litungu, ala ya nyuzi nane yenye sauti nzito inayokwaruza kwa makusudi, na jirani zao Wajaluo wanayo nyatiti, nayo ya nyuzi nane. Kutokana na nyatiti ndipo wapigaji walipouhamisha ule mtindo wa kudonoa nyuzi mojamoja kwa haraka, wakautia katika gitaa, ikazaliwa benga. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa mwaka 1940 Nyamagongo, Shirati, mahali ambapo mpaka mwaka 2007, Rorya ilipofanywa wilaya ya peke yake, palihesabiwa kuwa sehemu ya wilaya ya Tarime, alivuka mpaka akaenda Kenya, na huko, pamoja na bendi yake ya Shirati Jazz, akawa miongoni mwa waliouimarisha mtindo huo hata ukasikika nje ya Afrika. Msikilize mpigaji wa solo katika benga: sauti yake ni kavu, kali, iliyo wazi, na kila noti imesimama peke yake. Hiyo ndiyo sauti ambayo muziki wa mawimbi huanza nayo kabla ya kuitia majini. Hata lile la kuubeba wimbo juu ya nyuzi nene, ambalo Dale alilifanya katika “Misirlou” mwaka 1962, halitakuwa geni kwa mtu aliyekulia karibu na litungu. Na kwa yule aliyesikiliza taarabu ya pwani hata wimbo wenyewe hautakuwa mgeni, maana ni wimbo wa mashariki ya bahari ya Mediterania, uliorekodiwa kwa Kigiriki tangu 1927, nao waenda katika maqamu ya jamii ya hijazi. Baba mdogo wa Dale alikuwa mpigaji udi. Bahari hizi mbili hazikuwa mbalimbali sana.

Tukubaliane, basi, kwamba mkono upo. Pedali ya kwanza kununuliwa, na kwa wengi ndiyo iliyo lazima peke yake, ni riverbu ya springi. Chanzo chake hakikuwa gitaa. Laurens Hammond, mtengenezaji wa vinanda wa Marekani, alitaka kinanda kilichowekwa sebuleni kisikike kana kwamba kimo ndani ya kanisa kubwa, akatumia springi za chuma: sauti iliyogeuzwa kuwa umeme huitikisa springi upande mmoja, mtikisiko ukasafiri hata upande wa pili, ukanaswa tena kuwa umeme, na sehemu yake ikarudi ilikotoka, ikaenda tena na kurudi hata ikafifia. Safari moja huchukua kama sehemu 30 au 40 za elfu za sekunde. Leo Fender, wa mji wa Fullerton, alizichukua springi hizo akazitia katika kisanduku cha peke yake, chenye valvu, kilichotolewa mwaka 1961, kikawekwa baina ya gitaa na amplifaya. Kwa kuwa sauti nyembamba na sauti nene hazisafiri katika springi kwa mwendo mmoja, pigo la ghafula, hasa la nyuzi zilizozibwa kwa kiganja, hurudi likiwa limetawanyika, na sikio hulipokea kama tone la maji liangukalo mtungini. Tone hilo ndilo wapenzi wa fani hii wanalolitafuta, na pedali nyingi za bei rahisi, ambazo huiga ukumbi au kanisa badala ya springi, hazinalo. Kabla hujatoa fedha, ziba nyuzi kwa kiganja, piga mara moja kwa nguvu, usikilize. Lisiposikika tone, rudisha kisanduku rafuni.

Kisanduku cha Fender kilikuwa na vishikio vitatu, na yafaa kuvielewa kwa kuwa pedali nyingi zilizokiiga, kama FRV-1 ya kampuni ya Boss, zimevirithi. Cha kwanza huamuru nguvu ya pigo linalopelekwa kwenye springi. Cha pili huamuru kiasi cha mwangwi unaochanganywa na sauti asilia. Cha tatu huufanya mwangwi huo kuwa mkali au mpole. Wanaoanza hukifungua cha pili hata mwisho na kukisahau cha kwanza, wakapata ukungu usio na tone. Mimi nawashauri kinyume chake: cha kwanza kipande, cha pili kikae kabla ya nusu. Springi ikitikiswa kwa nguvu tone hutoka, na mchanganyiko ukiwa wa kadiri, noti za haraka, ambazo mkono wa benga huzimimina bila ya taabu, hazitagandamana. Zipo pia pedali zenye springi za kweli ndani yake, kama ile iitwayo Surfybear, na sauti yake ni ya kuaminika. Walakini springi halisi haipendi jukwaa la mbao linalorukwa na wachezaji, kwa maana kila kishindo cha mguu nayo hukitafsiri kuwa radi.

Sasa utaratibu. Wapigaji wengi wa siku hizi wamefundishwa kaida moja, kwamba riverbu iwe ya mwisho kabisa, baada ya kila kitu. Na kwa muziki mwingine kaida hiyo ina haki yake. Kwa muziki wa mawimbi yatupasa kuuliza vyombo vyenyewe vilikaa wapi. Kisanduku cha mwangwi kilikuwa nje, kabla ya amplifaya. Tremolo, yaani ule mpando na mshuko wa sauti unaorudiarudia, ilikuwa ndani ya amplifaya. Basi sauti ilipita kwanza katika springi, kisha tremolo ikaipandisha na kuishusha pamoja na mwangwi wake wote. Lau utaugeuza mpango huo, ukaitanguliza tremolo, mapigo yake yataingia katika springi, na mkia wa mwangwi utazijaza zile nafasi za kimya ambazo tremolo imezikata kwa makusudi. Nawe utauliza kwa nini pedali uliyoinunua haisikiki. Weka riverbu, kisha tremolo. Pedali ya tremolo yoyote iliyo nyofu yatosha, kama TR-2 ya Boss, mradi kasi yake uifungamanishe na mwendo wa ngoma. Nimesikia bendi ambayo tremolo yake ilikwenda njia yake na mpiga ngoma njia yake, na wachezaji katikati hawakujua wamfuate nani.

Eko, ambayo vijana huiita dilei, ina heshima yake hasa kwa wale wanaopenda mtindo wa Shadows wa Uingereza, ambao “Apache” yao ya mwaka 1960 ilitegemea mashine ya eko, wala haikutegemea springi. Ikiwa utaitumia, itie kabla ya riverbu, ili kila mwitikio uogeshwe na springi kwa zamu yake. Muda wake uwe kati ya sehemu 100 na 150 za elfu za sekunde, na mwitikio uwe mmoja, usizidi miwili. Zaidi ya hapo itaanza kushindana na gitaa la ridhimu, na katika bendi yenye magitaa matatu, kama zilivyo bendi zetu, hakuna nafasi ya mtu wa nne asiyeonekana.

Mwanzoni kabisa mwa mnyororo ikae tyuna. Fazi, ile pedali ya kuichafua sauti, haina kazi kubwa hapa. Mwenye kuitaka aiweke mara tu baada ya tyuna, na aitumie kwa wimbo mmoja katika usiku mzima. Juu ya kompresa nina shaka iliyo wazi zaidi. Kazi yake ni kulisawazisha pigo kubwa na dogo, ilhali tone la springi huzaliwa na tofauti baina yao. Kwa hiyo mwenye kompresa hulipa fedha ili anyang’anywe kile alicholipia fedha katika riverbu.

Lililobaki ni mahali pa kupigia, na hapa vitabu vya wageni havitusaidii. Kumbi zetu nyingi, za Tarime na za Mugumu, zina sakafu ya saruji, kuta zilizo tupu na paa la bati, nazo huzaa mwangwi bila ya kuombwa. Katika ukumbi wa namna hiyo punguza mchanganyiko wa riverbu hata ikaribie robo, kisha uongeze watu wanapojaa, maana miili na nguo hunyonya sauti. Uwanjani, penye upepo na pasipo ukuta, fungua bila ya hofu. Jambo la pili ni kwamba wapigaji wetu wengi hawana amplifaya, bali huchomeka gitaa moja kwa moja katika mikisa ya kanisa au ya mwenye kukodisha vyombo. Gitaa likiingia mikisa hivyo hupoteza wembamba wake njiani, na sauti hutoka bila ya ule ulaini ambao spika ya gitaa huutia. Pedali iigayo amplifaya na spika, ikikaa mwisho wa mnyororo baada ya tremolo, itamsaidia mpigaji kuliko riverbu ya pili au ya tatu; na nikimwona kijana mwenye fedha za pedali mbili tu, nitamwambia anunue springi na hiyo.

Umeme nao wataka hadhari. Aghalabu pedali hutumia volti 9, na hasi ikiwa katikati ya kichomeko, lakini zipo zilizo kinyume, tena zipo za volti 12 na 18. Soma maandishi yaliyo ubavuni kabla ya kuchomeka. Adapta iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani, wa volti 120, itaungua mara itakapokutana na volti 230 za TANESCO, na zipo nyingi zinazopita Sirari katika mizigo ya mitumba. Ukizifungia pedali zote adapta moja yenye matawi, riverbu za kidijitali huweza kutia mlio mwembamba katika tremolo. Dawa yake ni kuipa riverbu adapta yake. Na kwa kuwa umeme hukatika, hesabu betri: tremolo ya kawaida hula miliampia chache, na betri ya volti 9 iliyo nzuri itaifikisha hata alfajiri, bali riverbu ya kidijitali inayokula miliampia 100 itaimaliza betri hiyo katika saa nne au tano, kabla ya wageni wa harusi kuanza kuondoka. Mwenye betri ya gari asiichomeke pedali humo moja kwa moja; kwanza atafute kifaa cha kuzishusha volti 12 hata 9, ambacho fundi yeyote wa redio ataweza kumtengenezea.

Waya baina ya pedali ziwe fupi, na mwisho wa kuwasha iwe amplifaya, kama ipo, ili kishindo cha kuchomeka kisiivunje spika. Katika sehemu ya tatu, tukijaaliwa, tutazungumza juu ya nyuzi nene na spika za inchi 15, na kwa nini Dale, aliyepiga kwa mkono wa kushoto gitaa ambalo nyuzi zake zilikuwa juu chini, alizichoma amplifaya kadhaa za Fender kabla hajapata iliyomvumilia.