Barakoa na Ndevu za Vijana Wetu

Wapo miongoni mwa vijana wetu hapa Uingereza wafanyao kazi katika magari ya wagonjwa na vyumba vya dharura. Korona ilipoingia mwaka 2020, wao ndio walioipokea mlangoni. Dakta Abdul Mabud Chowdhury, tabibu Muislamu wa London, alimwandikia Waziri Mkuu hadharani mwezi Machi akiwaombea wahudumu wote mavazi ya kinga. Aprili haikufika nusu, naye akafariki kwa maradhi hayo, Mwenyezi Mungu amrehemu, akiwa na umri wa miaka 53.

Hata hivyo, kuipata barakoa siko kukingika. Ile iitwayo FFP3 huchuja chembe 99 katika kila 100, iwapo tu imeshika ngozi. Hupimwa hivi: mvaaji hufunikwa kichwa kwa mfuko mpana, humo hupuliziwa dawa chungu; akiuonja uchungu, barakoa inavuja. Nywele za kidevuni huacha upenyo, na mtandio uliopita chini ya ukingo vivyo hivyo. Hapo kijana huenda akaambiwa anyoe, au ahamishwe kazi. Kumbe ipo kofia yenye feni ipulizayo hewa iliyochujwa, nayo haina ugomvi na ndevu! Ni ya ghali, na kwa hiyo huwa chache. Tunawasihi waiombe mapema, kwa maandishi, siku ya kupimwa.