Kihansi: Ukaguzi Uliochelewa

Mwaka 1996, ujenzi wa mtambo wa umeme wa Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa nchini Tanzania, ulikuwa tayari unaendelea wanasayansi walipokuta chura wa manjano asiyejulikana katika korongo lililo chini ya bwawa. Hafikishi urefu wa sentimita 3, hatagi mayai bali huzaa, na makazi yake yote duniani yalikuwa takriban hekta 2 za mimea inayoloweshwa na manyunyu ya maporomoko. Mtambo huo wa megawati 180 ulihitaji maji yaleyale. Mto ulipoelekezwa kwenye mitambo, manyunyu yakakauka.

Fundisho la kwanza kwa ukaguzi wa wanyamapori ni mipaka. Korongo halikuchimbwa wala kujengewa, ila liliumia kwa sababu ya kilichofanyika juu yake. Mkaguzi wa wanyamapori hafuati bikoni za kiwanja. Anafuata maji, vumbi, kelele na taa za mradi hadi vinakoishia.

La pili ni majira. Vyura wengi hulia usiku wakati wa mvua, na ndege wahamiaji kutoka Ulaya na Asia huwa kwetu takriban Oktoba hadi Aprili. Ziara moja ya mchana wa kiangazi haitawaona wote hao. Ndiyo maana kazi hii huchanganya mbinu: kutembea kwenye mistari iliyopimwa, kuzika ndoo ardhini ili zinase vyura na mijusi, kutega kamera njiani mwa wanyama, na kutumia vifaa vinavyonasa sauti za popo tusizozisikia. Kutomwona mnyama si ushahidi kwamba hayupo.

La tatu ni wakati. Ukaguzi ukifanyika kabla ya michoro kukamilika, mhandisi anaweza kuhamisha barabara au kutenga maji ya kubaki mtoni. Ukija baadaye, kinachobaki ni kuokoa. Huko Kihansi ilibidi yawekwe mabomba ya kunyunyiza maji korongoni, na mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa kufugwa Marekani. Baadaye waliobaki porini walipungua ghafla, na ugonjwa wa kuvu wa ngozi ukagunduliwa miongoni mwao. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kutoweka porini. Mwaka 2012 waliofugwa wakaanza kurudishwa korongoni.

Leo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka miradi mikubwa nchini ifanyiwe tathmini ya athari kabla ya kuanza. Lakini cheti cha tathmini hiyo hakizidi ubora wa kazi iliyofanyika uwandani. Ukipewa ripoti, usianzie kwenye hitimisho. Fungua sehemu ya mbinu: walikwenda miezi gani, walikesha usiku mara ngapi, na walishuka mtoni hadi wapi? Majibu yakikosekana, orodha fupi ya wanyama haimaanishi kiwanja ni kitupu.