Upana wa boriti moja

Anayeingia kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani kwa mara ya kwanza hushangazwa na wembamba wa vyumba. Mji huu ulineemeka kwa dhahabu iliyopita hapa kutoka Sofala, ukatengeneza sarafu zake wenyewe, na Ibn Battuta alipoutembelea mwaka 1331 aliusifu kuwa miongoni mwa miji mizuri. Mbona basi matajiri wake walilala kwenye vyumba vinavyofanana na ushoroba?

Jibu liko ukutani, juu. Tafuta safu ya matundu yaliyopangana: humo ndimo zilimoingia boriti. Boriti ni mti wa mkoko, mgumu, mchwa hauwezi, lakini fundi hakuthubutu kuuvusha zaidi ya mita tatu hivi. Na mzigo wake haukuwa mdogo. Juu ya boriti yalipangwa mawe, kisha zege la chokaa na kokoto likashindiliwa mpaka likawa sakafu. Urefu wa chumba aliuamua mwenye mali. Upana uliamuliwa na mkoko. Ukiingia nyumba za kale za Lamu utakutana na kipimo kilekile.

Mawe ya kuta yalichimbwa nchi kavu, kwenye mwamba wa matumbawe ya kale. Ni makali, hayachongeki vizuri, ndiyo maana kuta zikawa nene na kupakwa lipu ya chokaa. Palipohitaji ustadi, yaani mihrabu, fremu za milango na vidaka, waashi walikwenda baharini. Tumbawe likitolewa majini bado bichi hukatika kwa tezo bila taabu, kisha likikauka huwa jiwe kwelikweli, kwa hiyo mchongaji alilazimika kuwahi. Sogeza uso karibu na fremu mojawapo: utaona vijitundu vya kadiri ya ncha ya sindano, maelfu kwa maelfu. Hizo ndizo nyumba za viumbe waliolijenga tumbawe hilo.

Msikiti Mkuu ni daftari la majaribio ya mafundi hawa. Sehemu ya kaskazini, ambayo asili yake ni karne ya 11, ilikuwa na paa bapa la boriti. Mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane linahusishwa naye, aliupanua kuelekea kusini kwa kuba na matao. Kuba haina haja na boriti: mawe yanakabana yenyewe, uzito unashuka hadi kwenye nguzo. Tatizo likahamia hapo. Nguzo za kwanza, kila moja ya jiwe zima la tumbawe, hazikuhimili, na katika karne ya 15 paa likajengwa upya juu ya nguzo za pembe nane zilizojengwa kwa mawe na chokaa. Hizo tunazozipiga picha leo ni matokeo ya kushindwa kwa kwanza, na kwangu mimi hilo linazipa thamani zaidi.

UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, na kuanzia 2004 hadi 2014 yalikuwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mawimbi yanakula ufuko, mizizi inapasua kuta. Ila kinachonikera mimi ni saruji. Ukuta wa chokaa hupumua. Unyevu ukiingia hupata pa kutokea. Ukiuziba kwa saruji, unyevu na chumvi hubaki ndani, na jiwe huanza kumenyeka nyuma ya kiraka kinachoonekana kizima.

Chokaa yenyewe haitaki haraka. Magogo hupangwa, matumbawe huwekwa juu, moto huwashwa, kisha kinachobaki huachwa nje kilowe na kulainika kwa miezi kadhaa kabla ya fundi kukigusa. Mfuko wa saruji unafunguliwa asubuhi, na jioni kiraka kimekauka.